Mchapa Maji wa Mto Ziyani

Wasikilizaji wapendwa, popote redio yenu ilipo, dukani, jikoni au chini ya kivuli cha shamba, kaeni nami kidogo. Leo tunamkumbuka mtu mmoja wa Ziyani, huko ndani kati ya Jilore na Ganze. Jina lake ni Joram Thuku. Narudia, Joram Thuku. Wengi wa huko wakilisikia jina hilo watauliza, "Thuku yupi?" Basi niwaambie: ni yule Mchapa Maji.

Amezikwa Jumamosi iliyopita. Alikuwa mlinzi wa lango la bwawa la Ziyani tangu bwawa lilipojengwa, mwanzoni mwa miaka hii ya themanini, mpaka homa ya mapafu ilipomchukua mwezi huu wa Mei, mwaka 1989. Ameacha mjane, Bi Nyakio, ambaye wengi humwita Mama Njoroge, na watoto wao.

Nilikwenda matangani. Niliketi na mjane. Niliketi na Bwana Kitsao, aliyefanya kazi naye langoni. Niliketi pia na akina mama waliokuwa mtoni siku ile ya mwaka 1986, siku nitakayowasimulia. Hawakukubaliana katika kila jambo. Lakini katika yaliyo makubwa walikubaliana.

Tuanze kwao bara. Thuku alizaliwa chini ya milima ya Nyandarua, kwenye vijito vya maji baridi sana. Humo mna samaki anaitwa trauti, na trauti ni samaki mwenye akili. Chambo cha mnyoo anakiangalia tu, anageuka. Kwa hiyo huvuliwa kwa ndoana ya manyoya. Manyoya ya jogoo hufungwa kwa uzi juu ya ndoana mpaka yafanane na mdudu. Mvuvi hupunga ufito wake mbele na nyuma, mshipi mrefu ukaruka hewani, kisha ile ndoana ikatua juu ya maji, polepole, mfano wa mdudu aliyechoka kuruka. Baba yake Thuku aliwabebea mizigo wageni waliokuja kuvua hivyo. Mtoto akaona, akajifunza.

Alipoletwa pwani na mradi wa maji, alikuja na mke, na godoro, na ufito wa mwanzi wa babake.

Ziyani hakuna trauti. Maji yetu ni ya moto. Lakini kuna ngege, na kuna samaki wa magamba makubwa na ndevu fupi ambaye kwao bara anaitwa kuyu. Jioni ya kwanza baada ya kazi, Thuku akateremka chini ya bwawa, akasimama mchangani, akaanza kupunga ufito.

Bi Nyakio anaikumbuka jioni hiyo. "Nilijifungia ndani kwa aibu," aliniambia. "Watu walijaa pale mtoni utadhani kuna arusi."

Mama mmoja aliyekuwa akifua akamwita. "Mwalimu! Hayo maji yamekukosea nini hata unayachapa?"

Thuku hakugeuka. Akajibu kwa Kiswahili chake cha bara, "Nimeyauliza samaki wako wapi, yamekataa kusema."

"Basi yachape vizuri! Hayo ni maji ya Ganze, hayasikii mara moja!"

Wakacheka mpaka wakashika viuno. Ndipo kuyu akaikamata ile ndoana, mshipi ukakaza, na kicheko kikageuka vigelegele. Tangu hapo jina likawa Mchapa Maji. Hakulikataa.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, sikilizeni vizuri jambo hili, maana bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Mto ulio chini ya bwawa hauishi kama mito mingine. Lango likiwa wazi, maji hushuka mazito, rangi ya chai ya maziwa. Lango likifungwa, mto hupungua. Mchanga unatulia. Maji yanatakata mpaka unahesabu kokoto. Samaki wanajikusanya kwenye vidimbwi, na mvua za kwanza za masika zikigusa ardhi, wadudu wanatoka, na samaki wanapanda juu kuwafuata. Hapo ndipo uvuvi unapokuwa mtamu.

Lakini kwa nini maji yametakata? Kwa sababu lango limefungwa. Na lango likifungwa wakati wa masika, bwawa linajaa. Na bwawa likijaa, lango lazima lifunguliwe. Narudia: maji yakitakata wakati wa masika, jua kuna maji mengi juu yako yanasubiri.

Thuku alilijua hilo, na aliwaambia watu. Ikawa ndiyo salamu yao naye. Mtu akipita anauliza, "Habari za mto, Mchapa Maji?" Naye hasemi tu kwamba ni nzuri. Husimama. Hufikiri. "Maji ni mepesi. Leo yana rangi ya maji ya mchele. Upepo mdogo. Samaki wanakula kwenye kivuli cha miti ya mikoma. Vueni asubuhi, lakini kesho kutwa msikae chini ya bwawa." Wavuvi walimsikiliza. Akina mama wa kufua walimsikiliza. Wanaovuka kwenda sokoni walimsikiliza. Wa ng'ambo, upande wa Ganze, hawakupita kwake mara nyingi. Walikuja mtoni siku chache, wakitembea mwendo mrefu, na kurudi kwao.

Tufike mwaka 1986, mwezi wa Mei. Mvua ilinyesha sana huko juu. Ziyani kwenyewe jua lilikuwa linawaka. Bwawa lilijaa kwa kasi ambayo Thuku na Kitsao hawakuwahi kuiona. Ukuta wa bwawa lile ni wa udongo. Maji yakiupanda ukuta wa udongo na kumwagika juu yake, yanaukata. Na ukuta ukikatika, chini yake kuna nyumba za watu, kuna shule, kuna mashamba ya mahindi. Kwa hiyo lango lilikuwa lifunguliwe asubuhi, lote.

Jioni ya kuamkia siku hiyo Thuku alizunguka akiwaambia watu. Kisha akateremka kivukoni, mahali ambapo wa ng'ambo hufika kwanza. Akasimika mti mchangani. Juu yake akafunga kitambaa chekundu. Kwao bara, na njia zote alizopita, rangi nyekundu ilikuwa na neno moja tu: simama, hatari.

Asubuhi yake wakapanga hivi. Kitsao abaki juu ya ukuta, kwenye gurudumu la kufungulia lango. Thuku ateremke mpaka kivukoni ahakikishe hakuna mtu. Akiona mto ni mtupu, ainue ufito wake juu. Ufito ukiinuka, Kitsao afungue.

Kitsao ni mtu wa maneno mengi na mzaha, lakini hapa sauti yake ilishuka. "Maji yalikuwa yamebakiza kiganja kufika juu ya ukuta," alisema. "Nilikuwa naongea nayo. Naambia, ngojeni, ngojeni, jamani. Na nilikuwa namlaani Thuku moyoni, mbona anatembea kama mtu anayepeleka posa."

Thuku alifuata njia ya juu ya ukingo, akafika kivukoni. Kitambaa kipo, kinapepea. Mchanga ni mtupu. Vidimbwi vya kivukoni ambavyo siku kama hiyo hujaa watu vilikuwa kimya, maji safi kabisa, kuyu wakipanda na kunyakua wadudu. Aliangalia chini. Hakuna mtu. Aliangalia ng'ambo. Hakuna mtu. Akasema moyoni, kitambaa kimefanya kazi.

Akainua ufito.

Kitsao akauona. Akageuka, akainama, akaanza kuzungusha lile gurudumu, ambalo ni zito na lina kutu.

Thuku akasimama kidogo akitazama maji. Mkewe anasema hiyo ilikuwa desturi yake, hakuwahi kuondoka mtoni bila kuaga maji. Ndipo alipoona samaki wameacha kupanda, wote kwa mara moja. Kisha katikati ya maji yale safi ukapita mstari mwembamba wa tope. Ulitoka juu ukapita miguuni pake.

Lango lilikuwa bado halijatoa maji. Mvua haikunyesha pale. Basi tope limetoka wapi? Tope kama lile hutoka mahali pamoja tu. Kuna miguu inayokanyaga chini ya mto. Kuna watu, na watu hao wako juu yake, kati ya kivuko na bwawa.

Kati ya kivuko na bwawa mto una kona. Ukingo wake ni mrefu, na miamba na mikoma imeuziba. Ukipita njia ya juu huoni ndani. Ukisimama ukutani huoni ndani. Watu walikuwa humo, chini kabisa ya lango linalofunguliwa.

Alishusha ufito akaupunga huku na huko. Akapiga kelele. Kitsao alikuwa amempa mgongo, ameinamia gurudumu, na upepo ulikuwa ukivuma kutoka kwake. Hakuona. Hakusikia. Thuku akautupa ufito mchangani, akakimbia kupanda mto, ndani ya mto wenyewe.

Ndani ya kona ile walikuwamo akina mama wa ng'ambo. Walikuwa wakitanda samaki kwa shuka, wawili wawili, wakikokota nguo ndani ya maji, na samaki walikuwa wengi kuliko walivyowahi kuona. Samaki wote waliwekwa kwenye kapu moja kubwa. Kwenye mwamba, katikati ya mto, alikuwa ameketi Hawe Kahonzi, na hawe kwao ni bibi, akipasua samaki kwa kisu kidogo. Mkaza mwanawe, Kadii, alikuwa majini akishika ncha ya shuka.

Kadii ndiye aliyemwona. "Tulimwona Mchapa Maji anatokea konani bila ufito, macho yamemtoka," aliniambia. "Pumzi hana. Anasema, tokeni, maji, tokeni, maji."

Mmoja akamjibu, "Maji si haya hapa? Leo umesahau kiboko chako?"

"Njoo uyachape kwa mkono!" akasema mwingine.

Wakaangua kicheko. Kwa nini wasicheke? Maji yalikuwa magotini, masafi, yamelala. Jua linawaka. Na huyu ni mtu wa vichekesho, tangu siku ya kwanza.

Thuku akaona maneno hayafiki. Juu huko, gurudumu lilikuwa linazunguka. Akafanya jambo ambalo mpaka leo wakilisimulia wanacheka na kufuta machozi. Akalikwapua lile kapu la samaki, akaliweka kichwani, akakimbia nalo kuupanda ukingo.

Kicheko kilikatika. "Mwizi!" Kadii ndiye aliyepiga ukelele wa kwanza. "Mchapa Maji mwizi! Mkamateni!" Wakatoka majini wote, shuka wamezitupa mabegani, wakaupanda ukingo kwa mikono na miguu. Kadii alimkamata shati, likachanika. Alipofika juu Thuku akaliangusha kapu, akageuka, akawahesabu kwa macho. Wote wapo.

Isipokuwa mmoja. Hawe Kahonzi hakukimbia. Magoti yake hayakuwa ya kumfukuza mwizi. Alibaki juu ya mwamba wake, akicheka.

Na maji yakaingia konani.

Wasikilizaji wapendwa, hayakuja kama ukuta, kama wengi wanavyodhani. Kadii anasema yalikuja chini chini, rangi ya kahawia, yamebeba povu na vijiti, yakaupita mwamba pande mbili, na ghafla mto ukawa mpana. Magotini. Halafu kiunoni. Thuku alikuwa ameshateremka.

Juu ya ukuta Kitsao aliinua kichwa apumue. Akaona wanawake wanachomoka mahali alipoamini hapana mtu, na Thuku akiteremka tena humo. Akaelewa. Sasa fikirieni hali yake. Maji yalikuwa yameshaulamba ukingo wa juu wa ukuta, na udongo umeanza kumeguka. Akilifunga lango, ukuta unaweza kukatika, na vijiji vilivyo chini vikaenda. Akiliacha wazi, kuna mtu mtoni na atamwona akienda.

Nilimuuliza, "Uliamuaje?"

"Mikono iliamua," akasema. "Nilizungusha kurudi nyuma. Nilifunga. Naona udongo unadondoka mbele ya miguu yangu, kipande kwa kipande, na mimi nafunga. Sikuomba Mungu. Nilisahau."

Chini, Thuku alifika mwambani, maji yakiwa kifuani. Kigogo kilichobebwa na maji kilimgonga goti. Akashika mwamba. Akanyosha mkono. "Hawe, panda mgongoni."

Hawe Kahonzi akamtazama. "Kwanza samaki wangu wako wapi?"

"Wako juu, Hawe. Wote. Panda."

"Ukipunguza hata mmoja, utanijua."

Akapanda. Naye mwenyewe alinithibitishia maneno hayo kwa kinywa chake. Anasema alikuwa ameshaona kwamba anakufa, na hakutaka kufa amenyamaza.

Kadii alikuwa ameshafunga shuka moja kwa nyingine. Ncha akajifunga kiunoni, wenzake wakashika nyuma, akaingia majini mpaka alipomfikia Thuku. Wakavutwa. Lango lilikuwa linafungwa, maji yakapungua nguvu kidogo, kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kilichowaokoa. Waliposhika nyasi za ukingo Kadii alipunga mkono kuelekea ukutani. Kitsao akafungua tena, mara hii mpaka mwisho wa gurudumu. Mto ukanguruma. Mwamba wa Hawe Kahonzi ukapotea ndani ya maji. Ufito wa mwanzi ulioachwa mchangani ulikwenda na maji, pamoja na mti na kitambaa chake. Ukuta ulisimama. Hakufa mtu. Narudia, siku ile hakufa mtu.

Tangu hapo Thuku alichechemea mguu wa kushoto.

Baadaye pakafanywa kikao. Mtu mmoja wa mradi, ambaye sina haja ya kumtaja, akasema kwa hasira kwamba akina mama wale walikuwa wakaidi. Bendera nyekundu imewekwa kivukoni, wameiona, wameipuuza, wakaenda kuvua pengine.

Hawe Kahonzi akaomba nafasi aseme. Akasimama kwa fimbo. "Kitambaa tulikiona," akasema. "Tulikiona mapema, tulipofika. Kitambaa chekundu, kimefungwa kwenye mti, mbele ya maji. Kwetu hicho ni kitambaa cha mgonjwa. Mtu anasumbuliwa na pepo, mganga amemletea nguo yake mtoni. Mahali hapo hupiti, hukanyagi, huvui, utamharibia mwenzio dawa yake. Tukasema, tusimharibie mtoto wa watu. Tukaenda juu, kwenye kona."

Mnaona, wasikilizaji wapendwa? Kile kitambaa kilichowekwa kuwatoa mtoni kiliwasukuma mpaka chini ya lango. Nao walikwenda kwa adabu zao, kwa kumhurumia mgonjwa ambaye hakuwapo.

Mtu wa mradi akataka kuendelea. Thuku akainua mkono. Kitsao anasema hakuwahi kumsikia akisema kwa sauti vile. "Hawakukipuuza," akasema. "Walikiheshimu kuliko mimi nilivyokiheshimu. Mimi nimekaa hapa miaka, nimeyauliza maji kila siku. Watu sikuwauliza."

Kisha akawauliza. Pale pale. "Nikitaka kuwaambia tokeni mtoni, nifanye nini?"

Walibishana mpaka jua likashuka. Mwingine alitaka ngoma, wakasema ngoma itawaita watu wacheze. Mwingine alitaka baragumu, wakauliza nani atalipuliza kama mpulizaji ana mafua. Kadii akasema debe tupu, lipigwe na mtu anayetembea. Atembee ndani ya mto, kila kona, toka langoni mpaka kivukoni, mpaka ajionee mwenyewe kwamba hakuna mtu. Thuku akakubali. Tangu siku hiyo mpaka alipougua, lango halikufunguliwa kabla hajautembea mto. Kwa mguu ule mbovu. Mvua au jua. Kitsao alimwambia mara nyingi, "Mzee, tuma mtu." Naye hujibu, "Nikituma mtu, nitakuwa nimeinua ufito tena."

Alivua tena, ndiyo. Alijikatia ufito mwingine. Na akina mama wa ng'ambo wakawa wanapita kwake kwanza. "Habari za mto, Mchapa Maji?" Halafu huongeza, "Na leo usituibie."

Mwezi huu wa Mei masika yamekuwa makubwa tena. Bwawa lilijaa wiki ile ile aliyofariki. Jumamosi, siku ya maziko, lango lilikuwa lifunguliwe asubuhi, na maiti ilikuwa imeshaletwa nyumbani. Watu wamekusanyika, mchungaji amefika, kaburi liko tayari pale Ziyani, maana Bi Nyakio aliwaambia ndugu wa bara kwamba mume wake atalala alipofanya kazi. Lakini akina mama wa ng'ambo hawakuonekana. Wengine wakaanza kunung'unika. Mchungaji akatazama saa.

Bi Nyakio akasema, "Tungoje."

Walifika wamechelewa, Kadii mbele, nguo nyeusi za msiba zimelowa mpaka magotini, miguu ina tope. Hawe Kahonzi walimbeba kwenye kiti. Kadii akaenda moja kwa moja kwa mjane, akapiga magoti.

"Tusamehe, Mama Njoroge. Tulikuwa tunautembea mto. Tumeutembea wote, kila kona. Hakuna mtu."

Bi Nyakio akamtazama Kitsao, aliyekuwa amesimama nyuma ya jeneza. Kitsao akavua kofia, akaondoka kwenda kufungua lango. Walimzika Joram Thuku wakisikia maji yanashuka.

Kwa Bi Nyakio, kwa watoto, kwa Bwana Kitsao, kwa ndugu walioko Nyandarua na kwa watu wote wa Ziyani wa pande zote mbili za mto, tunawapa pole. Mungu awape subira, na amlaze mahali pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wetu ana lango lake. Mwingine ni mwajiri, mwingine ni mzazi, mwingine ana neno tu mdomoni ambalo likitoka halirudi. Kabla hujalifungua, teremka kwanza. Uwatazame walioko chini, na uwaulize wameelewa nini.